Tupeane uzoefu: kutoa gia boksi ya oto na kufunga manyuali kwenye Corolla 110

Mleta mada
Wakuu, uzi huu ni wa Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Oto (gia boksi inayojibadilishia gia yenyewe) imechoka, inateleza ikibadili gia, na mwenye gari anataka C50, manyuali ya gia tano. Naanza na manunuzi, maana hapo ndipo wengi hukwama: usinunue gia boksi peke yake. Chukua vyote kwenye gari moja iliyokatwa: flaiwili (gurudumu zito linalofungwa mkiani mwa injini) na bolti zake, presha pleti (bamba linaloibana klachi kwenye flaiwili), uma na beringi ya klachi, shafti zote mbili za magurudumu, maunting ya kushoto (mpira unaoishikilia gia boksi kwenye bodi) na kikono chake, stata, pedali, masta ya klachi ya juu na ya chini (pampu ndogo zinazopeleka nguvu ya pedali kwenye klachi), nyaya mbili za gia na lever yake. Gia boksi ni rahisi kupata. Kikono cha maunting kinaweza kukuzungusha mtaani wiki nzima.

Mchangiaji wa pili
Oto inatoka pamoja na konveta yake (lile duara linalopeleka nguvu ya injini kwenye oto kwa oili). Fungua kwanza bolti zinazoishika konveta kwenye lile bati jembamba lenye meno ya stata, kupitia kidirisha cha chini, ukizungusha krenki (shafti kuu ya injini) kidogo kidogo. Ukivuta gia boksi konveta ikiwa bado imeng'ang'ania, unaharibu pampu ya oili ya oto, na oto uliyotaka kuiuza inageuka skrepa.

Gia boksi ikiwa nje badilisha sili ya nyuma ya krenki hata kama haivuji. Bolti za lile bati jembamba ni fupi, usizirudishie kwenye flaiwili. Flaiwili inakazwa Nm 78, kwa mtindo wa msalaba. Presha pleti Nm 19.

Mchangiaji wa tatu
Klachi pleti ina upande wake: kitovu chenye springi kinatazama gia boksi. Ukiigeuza, kitovu kinagusa bolti za flaiwili, klachi haiachii, na rivasi inalia hata ukikanyaga pedali mpaka chini. Iweke katikati kwa shafti kuukuu ya gia boksi, kisha ndiyo ukaze presha.

Sasa sikilizeni hapa. Gia boksi ikigoma ikabaki nafasi ya sentimita moja, msivute kwa bolti! Ama pleti haijakaa katikati, ama meno ya shafti hayajalingana. Tia gia, zungusha krenki kidogo kidogo huku mwenzako anasukuma, itaingia yenyewe. Ukilazimisha, sikio la alumini la gia boksi linapasuka. Wala usiiache ining'inie kwenye pleti, kitovu kinapinda.

Mchangiaji wa nne
Oili: lita 1.9, 75W-90 ya daraja la GL-4. Duka likikupa GL-5, uliza kwanza. Nyingine hula shaba ya sinkro (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia zinapoingia). Mimina mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawasawa.

Bomba za kupoza oto kwenye rejeta ziba tu vumbi lisiingie. Maji hayatoki huko, njia yake ni nyingine.

Masta ya juu: kabla ya kutoboa bati la kati ya injini na ndani ya gari chungulia upande wa pili, wayaringi hupita hapo. Paka rangi kingo za tundu. Hewa ikibaki kwenye mfumo, pedali inakuwa laini na klachi inaachia pedali ikiwa chini kabisa. Toa hewa kwenye masta ya chini.

Mchangiaji wa tano
Umeme ndio unaowachelewesha mafundi. Stata ya oto inasubiri swichi ya P na N (paki na nyutro), kwa hiyo ukifunga manyuali gari halipigi. Wengi huunga zile nyaya mbili moja kwa moja. Inafanya kazi, ila mtoto akigusa ufunguo gari likiwa kwenye gia, linaruka. Zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi. Taa za rivasi nazo zinahamia kwenye swichi ya gia boksi mpya.

Tazama pia herufi ya mwisho ya oto uliyotoa. Ikiwa E, kompyuta ya gari itatafuta solenoidi (vali za umeme za oto), itazikosa na kuandika hitilafu. Hapo tafuta kompyuta ya manyuali. Ikiwa L, kubadili gia kunaongozwa na presha ya oili ya oto, shida hiyo hamna.

Mchangiaji wa sita
Kwa gari za kuvuta nyuma ongezeni mawili: beringi ndogo inayoingia mkiani mwa krenki, oto huwa haina, na propela shafti, urefu wake mara nyingi ni tofauti. Ikikatwa na kuchomelewa ipelekwe kubalansiwa, la sivyo gari litatetemeka kwenye mwendo mkubwa.