Re: Ofisi ya mitihani imekataa chumba cha kusomea

Mama Neema, Columbus

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Ofisi ya mitihani ya chuo imezuia matokeo yangu ya mtihani wa famakolojia niliofanyia nyumbani mbele ya kamera, kozi ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) muhula wa kwanza. Barua yao ina mambo matatu: uso umepotea kwenye kamera, imesikika sauti ya mtu mwingine, na ukutani kuna maandishi. Wanataka maelezo ndani ya siku 5 za kazi, pamoja na picha za mahali pa kufanyia mtihani wa mwisho. Nyumba ni ya vyumba viwili, watu wanne.

Naomba kujua: maelezo hayo yanapelekwa ofisi ya mitihani au kwa mkuu wa idara ya uuguzi? Kuna fomu, au barua ya kawaida inatosha? Na je, mtu anaruhusiwa kuomba afanyie chuoni?

Fundi Kompyuta, Houston

Pole sana Mama Neema. Uso kupotea, mara nyingi tatizo ni taa. Kamera ndogo ya kompyuta hupima mwanga wa picha nzima. Ukikaa na dirisha mgongoni, inapunguza mwanga wote kwa sababu ya lile dirisha, na ngozi nyeusi kama zetu inageuka kivuli. Programu inayosimamia mtihani haioni macho wala pua, inaandika kwamba hakuna mtu.

Kaa ukitazama dirisha. Kama ni usiku, weka taa ya meza yenye lumeni 800 hivi nyuma ya skrini na uielekeze ukutani, ukuta uwe mweupe au utundike shuka jeupe, mwanga urudi usoni taratibu. Usijimulike moja kwa moja: paji linang'aa na miwani inaficha macho. Kamera iwe usawa wa macho, na kiti kirudi nyuma mpaka mabega yaonekane. Karatasi ya kukokotolea dozi, kama inaruhusiwa, iwe katikati mbele ya kibodi. Wengi huiweka pembeni kulia, kila wakipiga hesabu wanageuza shingo, na kila shingo ikigeuka programu inaweka alama.

Sauti nayo: usisome swali kwa midomo. Tuliofundishwa kusoma kwa kunong'ona tunakamatwa hapo hata kama nyumba nzima imelala.

Kuhusu LockDown Browser, ile programu ya mtihani inayozuia kompyuta isifungue kitu kingine, kila chuo kina kiungo chake cha kupakulia. Ukichukua cha chuo kingine hakikupeleki kwenye mtihani wenu. Kompyuta mpya za bei nafuu mara nyingi huja na Windows ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft tu, na hapo haiingii kabisa. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya uamilishaji, utoke kwenye S. Ni bure, ila hakuna kurudi. Kompyuta ya kazini usiiguse, ile ya hospitali ina VPN (njia ya mtandao ya kazini) na kufuli za msimamizi, itagoma dakika ya mwisho. Masasisho ya Windows yamalizwe siku moja kabla, kompyuta izimwe na kuwashwa, kisha ufanye jaribio la mazoezi ukiwa umekaa palepale utakapofanyia mtihani.

Na waya jamani. Waifai ya nyumba yenye simu tano na televisheni moja inapwaya upande wa kupandisha video, kasi ya kushusha haikusaidii kitu. Nunua waya wa mtandao wa Cat6 wa mita 10 na kile kiunganishi cha USB cha kuchomekea waya, uutoe kwenye ruta moja kwa moja.

Mkenya wa Saint Paul

Fundi umesema vizuri, lakini hujagusa ukuta, na barua imetaja ukuta. Wanafunzi wa uuguzi hubandika kila kitu: viwango vya damu kama potasiamu 3.5 hadi 5.0, sodiamu 135 hadi 145, jedwali la insulini, hatua za kuvaa na kuvua glavu. Msimamizi akiona hayo wakati kamera inazungushwa kuonyesha chumba kabla ya mtihani, hata kama huyaangalii, anaandika. Kufunika na leso hakusaidii, atamwambia mtu ainue leso.

Tumia ubao wa karatasi ngumu wa kujikunja mara tatu, ule watoto wanatumia kwa maonyesho ya sayansi shuleni. Bandika chati zote hapo. Ukisoma unausimamisha mezani, siku ya mtihani unakunja unaupeleka chumba kingine. Ukuta unabaki mtupu mwaka mzima na picha za kutuma ofisini unapiga wakati wowote.

Nafasi: kwa vyumba viwili, angalia kabati la nguo la ukutani. Mengi ya hapa Marekani yana kina cha inchi 24 na upana wa futi 5 au 6. Meza ya kukunja ya inchi 48 kwa 24 inaingia bila kutoboa ukuta. Milango ya kuteleza inatolewa kwa kuinua juu na kuvuta upande wa chini kuelekea kwako. Ihifadhi chini ya kitanda na vigurudumu vyake kwenye mfuko, sababu mwenye nyumba atakata dhamana. Nguo zinahamia kwenye fremu ya magurudumu.

Kinachoharibika: ndani ya kabati huwa hakuna soketi. Watu wanavuta ekstensheni, halafu juu yake nyingine, halafu baridi ikiingia wanachomeka hita ya wati 1500 hapohapo. Hiyo ni karibu ampea 13 kwenye waya mwembamba uliopita chini ya zulia. Ekstensheni iwe moja, nene, yenye swichi ya kujikata, ya kompyuta na taa tu. Hita kwenye soketi ya ukutani peke yake.

Msoma Sheria, Ohio

Mnahangaika bure. Mama Neema yuko Ohio. Agosti 2022 jaji wa shirikisho hapahapa Ohio aliamua kwamba kumzungushisha mwanafunzi kamera chumbani kabla ya mtihani ni upekuzi usio halali chini ya Marekebisho ya Nne ya Katiba. Kesi ni Ogletree dhidi ya Cleveland State. Akatae kuzungusha kamera, basi.

Fundi Kompyuta, Houston

Mkuu, usimpoteze dada wa watu. Kesi ile ilikuwa ya chuo cha umma, na uamuzi ni wa mahakama ya wilaya ya kaskazini ya Ohio. Columbus iko wilaya ya kusini. Tena Marekebisho ya Nne yanaibana serikali, chuo binafsi hakimo. Hatujui chuo chake ni cha aina gani. Akikataa kuzungusha kamera bila kuandikiana na mwalimu mapema, mtihani hautafunguka na atapewa sifuri huku akisubiri wakili.

Msoma Sheria, Ohio

Sikusema aende bila kuandika. Soma vizuri.

Bi Zuu, Leicester

Marahaba mwanangu Mama Neema. Huku Uingereza shida yetu ni OSCE ya NMC (mtihani wa vitendo wa baraza la wauguzi), vituo 10, na hiyo mtu huiendea mwenyewe kituoni. Lakini hata wa RN ana ujuzi wa mikono wa kupitisha, na wote hapo juu mmeongea meza ya kompyuta tu, kana kwamba uuguzi ni kubofya.

Mazoezi ya mikono yanataka sehemu ya pili ya kusimama, urefu wa kiunoni. Ubao wa kupigia pasi unafaa, unapanda na kushuka. Weka hapo mashine ya presha ya mkono, stethoskopu, glavu tasa za saizi yako (wanawake wengi 6½ au 7, jaribu kwanza), pakiti za bandeji, bomba za sindano za ml 1, 3 na 10 bila sindano. Maji yenye rangi ya chakula yanatosha kuwa dawa. Soma kipimo kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na ncha ya bomba, ule wa nyuma karibu na kidole ni makosa, na kwenye bomba la ml 1 tofauti hiyo ni dozi nyingine kabisa.

Glavu tasa si lazima utupe kila mara ukiwa mazoezini. Zivue bila kuzipindua, kunja mkunjo wa sentimita 5 kama zilivyokuja, uzirudishe kwenye karatasi yake, kushoto kushoto, kulia kulia. Mkono unajifunza mkunjo ule, ndio unaowaangusha watu.

Dada wa Zamu ya Usiku, Lowell

Shikamoo Bi Zuu. Kwa heshima zote, ubao wa pasi hapana. Ni mwembamba, kitambaa tasa kinaning'inia pande zote mbili, na chochote kilicho chini ya ukingo wa meza kimeshachafuka. Ukitoa na ile sentimita 2.5 ya pembeni kuzunguka kitambaa, unabaki na kijia katikati. Mtu anazoea kubana vifaa pamoja, halafu kwenye maabara ya chuo anagusa pembeni na kufeli. Tena unayumba.

Kaunta ya jikoni ndiyo saizi, inchi 36 kutoka sakafuni. Ifute, ikauke kabisa, maana unyevunyevu hupenya kitambaa na kazi imeharibika. Fungua pakiti: pindo la mbali nawe kwanza, ya pembeni yanafuata, la karibu nawe mwisho, ili mkono usipite juu ya kilichokwisha kufunguliwa. Weka simu kwenye rafu ya juu ijirekodi, kisha utazame video ukiwa na karatasi ya vigezo vya mwalimu mkononi. Utaona mikono inashuka chini ya kiuno bila wewe kujua.

Na kwa wa CNA (wasaidizi wa wauguzi) wanaosoma mchana baada ya zamu ya usiku: pazia zito lipite ukingo wa dirisha inchi 6 kila upande, la sivyo mwanga unaingia pembeni na hulali. Meza isiwe inatazama kitanda.

Bi Zuu, Leicester

Marahaba. Kaunta ya jikoni kwenye nyumba ya watu wanne itakuwa wazi saa ngapi, mwanangu? Mchele unachambuliwa wapi?

Mkenya wa Saint Paul

Hapo Bi Zuu ameshinda. Na mkitaja mchele mnatutamanisha pilau ya nyumbani na huku nje ni theluji.

Baba Juma, Dallas

Mmesahau hela. Kompyuta, kamera na meza anaweza kuomba ofisi ya misaada ya fedha. Kwa mwenye FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali), gharama za masomo zinaweza kuongezwa kwa ajili ya kununua kompyuta. Unapeleka risiti au bei iliyoandikwa na duka. Mwenye grini kadi anaijaza FAFSA sawasawa na raia.

Dada wa Zamu ya Usiku, Lowell

Baba Juma malizia sentensi. Wanaongeza kikomo cha gharama, hawakupi pesa mkononi. Mara nyingi ile nafasi inajazwa na mkopo. Na ni kompyuta tu, meza haimo.

Baba Juma, Dallas

Mkopo nao ni msaada. Na wenye sifa wachukue uraia wa Marekani tu, waache woga.

Msoma Sheria, Ohio

Wewe Mkenya, Katiba ya 2010 inakulinda, una pasi mbili mfukoni. Mtanzania akila kiapo cha Marekani anapoteza wa kwao, na shamba la babu linakuwa maneno. Hiyo "hadhi maalumu" ya Watanzania wa nje tunayoimbiwa si uraia.

Baba Juma, Dallas

Mimi ni wa Tanga, bwana. Nani kakwambia Mkenya?

Mlezi wa orodha

Ndugu zangu, uraia una uzi wake, tafadhali hamieni huko. Hapa tubaki na chumba cha kusomea.

Mwanafunzi wa LPN (uuguzi wa ngazi ya chini ya RN), Seattle

Kuhusu kufanyia mtihani nje ya nyumba: maktaba ya mtaa ina vyumba vya kusomea vya bure, unaweka nafasi kwa kadi ya maktaba. Aulize pia ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, wao huwa na chumba tulivu chuoni.

Dada wa Zamu ya Usiku, Lowell

Ofisi hiyo inataka cheti cha daktari. Nyumba kujaa watu si ulemavu. Na chumba cha maktaba kina mlango wa kioo, watu wanapita nyuma, muda ukiisha unagongewa katikati ya swali. Maktaba ni ya kusomea. Silabasi ndiyo inayosema mtihani unafanyiwa wapi, aanzie huko.

Baba Juma, Dallas

Basi angalau gharama za kona yote atazirudisha kwenye kodi ya mapato, kama ofisi ya nyumbani. Meza, kiti, pazia, sehemu ya kodi ya pango.

Fundi Kompyuta, Houston

Hapana, hapana. Punguzo la ofisi ya nyumbani halimhusu mwanafunzi, na hata kwa mwajiriwa wa W-2 (anayekatwa kodi kwenye mshahara) liliondolewa tangu mwaka wa kodi 2018. Kinachomhusu ni Fomu 8863 ya nafuu ya kodi kwa gharama za masomo, akiwa na 1098-T, karatasi ya ada kutoka chuoni. Kuna njia mbili, usizichanganye kwa mwanafunzi mmoja mwaka mmoja.

Ya kwanza ni American Opportunity, hadi dola 2,500: dola 2,000 za kwanza ulizotumia, zote, na robo ya 2,000 zinazofuata. Hadi dola 1,000 unarudishiwa hata kama hudaiwi kodi. Ni ya miaka 4 ya mwanzo ya chuo, na uwe unasoma angalau nusu ya mzigo wa masomo. Vitabu na vifaa vinavyotakiwa na kozi vinahesabiwa hata ukinunua dukani, kwa hiyo stethoskopu iliyoandikwa kwenye silabasi inaingia, na kompyuta pia ikiwa bila hiyo huwezi kusoma hapo.

Ya pili ni Lifetime Learning, asilimia 20 ya hadi dola 10,000, yaani dola 2,000 mwisho, na hairudishwi kama hudaiwi. Hapa vitabu na vifaa vinahesabiwa pale tu chuo kinapolazimisha uvilipie kwao. Aliyekwisha kumaliza miaka 4 ya chuo kabla ya mwaka huo anaangukia hapa.

Ada iliyolipwa na Pell, ruzuku ya serikali, unaitoa kwanza kabla ya hesabu. Risiti ziwe na jina la kifaa; "vifaa mbalimbali" ukikaguliwa haisomeki. Kiti, meza na pazia hazimo kwenye njia yoyote kati ya hizo mbili.