Naomba ushauri: riwaya za kila mwezi kwa kikundi chetu cha wasomaji

Ukurasa_Uliokunjwa (mleta mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Naratibu kikundi cha kusoma na kujadili riwaya, tunakutana mara moja kwa mwezi. Wapo wastaafu, wanachuo, kina mama wenye watoto wadogo, na jamaa wawili watatu ambao mara ya mwisho kushika riwaya ilikuwa ya mtihani. Vitabu tunapigia kura. Shida ni kwamba kinachoshinda ni kile chenye jina kubwa, na siku ya kikao waliomaliza ni wa kuhesabu. Hao waliomaliza nao wanasema "kizuri, kina mafunzo," basi, tunahamia kwenye siasa. Nataka orodha ya miezi sita. Tuendelee na kura? Tuanze na vyembamba? Na tafsiri ziwemo? Nawasilisha.

Kipanga77
Kura ya wazi achaneni nayo. Kila mwezi mtu mmoja alete majina matatu, wengine wachague moja, na aliyeyaleta ndiye aongoze kikao. Huyo hawezi kuja hajasoma. Ila kabla ya yote ulizeni nakala zinapatikana wapi. Riwaya zetu nyingi nzuri zimeadimika, mtajikuta watu kumi na tano mnagombania nakala moja iliyochanika jalada.

Bibi_Miwani
Mjukuu wangu, usihadaike na wembamba. *Nagona* ya Kezilahabi unaimaliza jioni moja, halafu asubuhi unajiuliza umesoma nini. Mimi naipenda, lakini usimpe mtu anayerudi kusoma baada ya miaka.

Chagua kitabu kitakachowagawa watu. Mwandishi huyohuyo ana *Rosa Mistika* (1971). Asiyeisoma aruke hapa: Zakaria anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na mwisho wa yote Rosa anajiua. Uliza swali moja tu: nani aliyemuua Rosa? Baba na ukali wake, mchumba aliyemwacha, au Rosa mwenyewe? Kwetu mzee mmoja alimtetea Zakaria waziwazi, binti mmoja akafungua ukurasa wa kile kipigo akamsomea kwa sauti, neno kwa neno. Hakuna aliyekumbuka siasa siku hiyo. Na kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kutahiniwa. Hapo napo pana mjadala.

Kalamu_Butu
Hao wa mtihani wape upelelezi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, Bwana Msa na kiko chake. Someni mpaka kabla mambo hayajafichuka, mfunge kitabu, kila mtu aje kikaoni na jina la muuaji kwenye karatasi. Walioiba na kusoma mbele mtawajua, watakuwa na uhakika kupita kiasi.

Mwanaserere
Bibi Miwani, shikamoo, lakini mwezi wa kwanza Rosa hapana. Watu hawajazoeana, unawaanzishia kujiua? Huenda yupo ambaye jambo hilo limemkuta nyumbani, na mratibu hana habari. Bora *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake, anatoroka, anakutana na Denge anayepambana na wakoloni wa Kiingereza. Bishaneni kama Denge anampenda Yasmin kuliko mapambano yake. Nene kidogo, ila haichoshi. Angalizo: ina filamu ya 2021, wavivu wataangalia hiyo. Wabaneni kwa maswali ya kitabuni.

Bibi_Miwani
Marahaba mwanangu. Hilo la kuzoeana nimelikubali. Basi Rosa awe mwezi wa tatu, na yaliyomo yatangazwe mapema, asiyetaka asije na asiulizwe.

Tetere
Tafsiri ruksa, mnajinyima nini? *Peponi* ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), yule wa Nobel 2021. Ida Hadjivayanis kaifasiri, ikatoka 2022. Yusuf, mtoto tu, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni. Inakwenda taratibu, ipeni miezi miwili. Uamuzi wa Yusuf kwenye kurasa za mwisho nimeshaubishania na watu na bado sijakubaliana nao.

Ukurasa_Uliokunjwa
Asanteni sana wakuu. Mzimu mwezi wa kwanza, Vuta n'kuvute wa pili, Rosa wa tatu na tangazo lake, Peponi wa nne na wa tano. Wa sita namwachia yule jamaa ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja, alete majina matatu tuone. Kipanga77, akileta halafu siku ya kikao asitokee?

Kipanga77
Mpangie msaidizi tangu mwanzo, kikao kiendelee. Na yeye asilete majina tena mpaka mzunguko uishe.