Naomba ushauri: niifanye methodi iwe ya statiki au niunde obijekti?

Assalaam alaykum wakubwa. Nipo Wete, Pemba, najifunza PHP (lugha ya kuandikia programu) mwenyewe. Nimeandika programu ya kuhesabu malipo ya karafuu. Kwenye PHP 7.4 nilikuwa naita Malipo::jumla(), yaani methodi (kipande cha programu chenye kazi yake) jumla ya klasi Malipo, bila new (neno la kuunda obijekti), na methodi yenyewe sikuiandikia static (neno la kuruhusu iitwe bila obijekti). Jibu lilikuja, pamoja na onyo nililolipuuza (ujeuri tu). Nimehamia PHP 8, sasa inagoma kabisa.

Ndani inazidisha kilo kwa bei, haigusi $this (obijekti yenyewe inayoitwa), kwa hiyo nikiongeza static leo napona. Lakini msimu ujao nataka kila mkulima awe na daraja la karafuu zake na deni lake, na huko $this haitakwepeka. Nibadilishe miito yote sasa iwe ya obijekti? Nimeiita mahala kama 40, jamani.