Naomba ushauri: Starlet yangu ya kwanza inatoa moshi wa bluu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada.

Gari langu la kwanza ni Toyota Starlet GT Turbo, EP82, injini 4E-FTE ya cc 1331. Zamani nililishindanisha mita 402, na mpaka leo nakumbuka harufu ya klachi ikiungua, kirungu cha gia kikitetemeka kiganjani, kisha tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) inashika na mgongo unaganda kwenye kiti. Kuliuza sijawahi kuweza.

Limelala miaka sita. Nimeliwasha mwezi huu: likiunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu halafu nikakanyaga mafuta, linatoa moshi mzito wa bluu, kisha unapungua. Oili na plagi nimebadilisha. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imepimwa, silinda zote nne zinakaribiana. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni, mwingine sili za tabo. Kwa kipimo kile, ringi siamini.

Nitatofautishaje sili za tabo na sili za valvu kabla ya kufungua injini? Na kama ni tabo, nikarabati hii hii CT9 au nitafute iliyotumika? Natamani ibaki ileile niliyokimbia nayo.

Asanteni sana.