Kwa nini michango hupungua katika mchezo wa mfuko wa pamoja?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Katika mchezo wa mfuko wa pamoja, watu wanne hupewa pointi 20 kila mmoja, na kila pointi inayotiwa mfukoni humrudishia kila mshiriki 0.4. Wote wakitoa kila walicho nacho, kila mmoja huondoka na 32. Lakini anayezuia zake huku wenzake watatu wakitoa zote huondoka na 44. Mchezo ukirudiwa, michango kwa kawaida hupungua raundi baada ya raundi. Je, ina maana watu wote huanza wakarimu kisha wakageuka wachoyo?

Mchambuzi:
Sivyo, ndugu Mdadisi. Wastani ndio unaokupoteza. Katika utafiti wao wa mwaka 2001, Fischbacher, Gächter na Fehr waliwapa washiriki 44 jedwali la kujaza: wenzako wakitoa wastani wa 0 utatoa ngapi, wakitoa 1 je, na kuendelea hadi 20. Nusu yao walipandisha mchango kadiri wa wenzao ulivyopanda, ingawa wengi walibaki chini yake kidogo, ilhali takriban asilimia 30 waliandika sifuri tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiwachanganya watu hao, yule anayefuata wenzake atapunguza kila anapoona mfuko umepwaya, na hapo hajabadilika hata kidogo, kwani kanuni yake ni ile ile aliyoijaza katika jedwali.

Mpitaji:
Nakubali, ila tusimtwishe mtu binafsi kila kitu. Mtafiti Henrich na wenzake walipeleka katika jamii 15 ndogo ndogo mchezo wa kupendekeza mgao, ambamo mmoja hupendekeza jinsi ya kugawana fedha na mwenzake akikataa wote wawili hukosa. Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26 tu ya fedha hizo, na bado mapendekezo yao yalikuwa nadra kukataliwa. Umri, jinsia na mali ya mshiriki havikueleza mengi; kilichoeleza zaidi ni kiwango ambacho jamii ilizoea biashara ya sokoni na kazi za ushirika.

Mdadisi:
Ahsanteni. Basi aliyetoa pointi 3 anaweza kuwa mchoyo, au anawashuku wenzake tu. Nikiuendesha mchezo huu, nitawauliza washiriki pia wanatarajia wengine watoe ngapi. Niwaulize lini?

Mchambuzi:
Baada ya kutoa, lakini kabla ya kuonyeshwa matokeo. Ukiwauliza mapema, unaweza kuwafanya wawapigie wenzao hesabu ambayo hawakuwa nayo akilini.