Naomba ushauri: tairi za AT (all-terrain, za lami na njia mbovu) za Prado, lami na mawe

Wakuu, gari ni Prado 150, rimu 17, saizi 265/65. Siku nyingi ni lami ya Arusha mjini. Safari zikija ni Karatu, kisha ile njia ya mawe makali kuelekea Naabi, geti la Serengeti. Kule kashata (meno ya tairi) huwa bado zipo, ila ubavu unachanika, ndiyo maana nafikiria AT za LT (light truck, zenye ubavu mgumu zaidi). Tatizo LT ni nzito, zinaongeza ulaji wa mafuta, na zinataka upepo mwingi zaidi kwa mzigo uleule. Kwa gari isiyobeba sana, inalipa kweli?

Pia nikipanda saizi, 265/70 inanyanyua gari milimita 13 na spidomita husoma pungufu kama asilimia 3. Ukikata kona yote, haisugui madigadi? Masika nayo, ni kashata zipi hutema haraka udongo mweusi?