Mnaouza Mlima Meru kama "matembezi mepesi" hapa Dar, mtatuulia watu!

Wakuu, nimerudi kutoka Arusha na hasira haijanitoka.

Kuna waandaaji wa safari hapa mjini, siwataji, wenyewe wanajijua. Wanajaza basi kwa tangazo kwamba Meru hauna mambo ya kamba, yeyote anapanda. Kamba hakuna, kweli. Lakini usiku wa kwenda kileleni, ukishapita Rhino Point, kituo cha njiani, unakutana na mwamba mtupu ulioinama kama bati la paa, giza totoro, unatambaa kwa mikono na miguu, na pembeni ni korongo.

Hapo ndipo dada mmoja wa kundi letu alikuwa anapapasa mwamba kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu apate mwanga. Hakuna aliyemwambia anunue tochi ya kichwani. Miguuni ana raba za turubai, soli ya kushoto imebanduka mpaka katikati. Aliyerudi nyuma kumfunga soli kwa kipande cha manila ni askari wa hifadhi, yule anayebeba bunduki kwa ajili ya nyati! Mwongozaji tuliyemlipa yuko mbele na wenye mbio zao.

Jamani, sisi tunatoka usawa wa bahari. Kilele kiko mita 4,566. Kutoka Saddle Hut, kambi ya mwisho, mita 3,570, unapandisha karibu mita 1,000 kwa usiku mmoja. Little Meru, kilele kidogo cha jirani ambacho watu hukipanda wakishafika Saddle ili mwili uzoee, tukaambiwa hakuna muda. Watu wanatapika tangu kambini, wanaambiwa "kaza, kaza". Ugonjwa wa mwinuko haukazwi! Ukizidi, mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, na cha kwanza ni kumshusha mgonjwa.

Na mnarudi njia ile ile, magoti yameisha, majivu ya volkano yanateleza chini ya kiatu. Wengi huanguka wakati wa kushuka, si kupanda.

Mlima sina ugomvi nao, ni mzuri mno. Nataka waandaaji waandike wazi kwenye tangazo: viatu vya mlima, tochi ya kichwani, glovu, siku 4 na si 3, na mwongozaji wa kukaa nyuma na wachovu.

Tangazo la safari ijayo limeshatoka, maneno yale yale. Uliyelipia, waulize leo nani atabaki nyuma na wewe. Wakikuzungusha, dai hela yako.